Nimepewa funguo za maktaba ya shule. Nikasomee wapi fasihi ya vijana, na wanafunzi wasome nini?

*"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata wilayani Rungwe. Mwaka jana mkuu wa shule alinikabidhi funguo za maktaba kwa kuwa 'napenda vitabu'. Kuna chumba kimoja, vitabu vya kiada, na maboksi ya vitabu vya msaada kutoka nje. Wanafunzi wakija, wanakuja kusoma pepa za zamani tu. Hadithi hazishikwi. Lakini juzi nimewanyang'anya wasichana wa kidato cha pili daftari walilonakili kwa mkono hadithi ya mapenzi ya kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, na limeshazunguka hosteli nzima. Mwalimu wa nidhamu anataka lichomwe, anasema riwaya ndizo zinazoharibu watoto. Mimi nataka kuisomea kazi hii: fasihi ya vijana na huduma za maktaba kwa umri wao. Je, kuna chuo hapa nchini au nisome nje kwa mtandao? Na kwa Kiswahili vitabu vya umri huu vipo kweli, au tunadanganyana?"*

Mwalimu, nianze na daftari, maana limebeba nusu ya jibu. Wasichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano wamekaa na kalamu, baada ya prepu na kabla ya kuzimiwa taa, wakanakili hadithi ndefu kwa mkono. Hakuna aliyewaahidi alama. Kisha wakaliazimisha wenyewe, bila rejista wala muhuri, likafika kila kitanda na likarudi. Anayesema vijana wa siku hizi hawapendi kusoma apewe hilo daftari alishike.

Usilichome. Lisome mpaka mwisho kabla hujaamua lolote, na umwombe mwalimu wa nidhamu naye alisome. Kama ni mapenzi, usaliti na mama wa kambo mwenye roho mbaya, warudishie na uwaulize nani kati ya wahusika aliwaudhi zaidi. Kama limevuka mpaka na kuwa maelezo ya ngono, libaki kwako na uwaite faragha, bila paredi na bila fimbo. Nitarudi kwenye suala la madhara, kwa sababu hofu ya mwenzako si ya kupuuzwa.

Unachouliza, nikikielewa vizuri, ni kama tatizo liko kwa wanafunzi, kwenye vitabu au kwako ambaye hujasomea. Kwa maelezo yako, mapenzi ya kusoma yapo. Kinachokosekana ni kitabu kinachowafaa, katika lugha wanayoimudu, kwa namna isiyowaaibisha.

Chukua *Takadini* ya Ben Hanson, iliyosomwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne. Mama aliyesubiri mtoto kwa muda mrefu anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto afe, mama anatoroka naye usiku. Kwa msomaji wa miaka kumi na mitano huwezi kutaka mwanzo mzuri zaidi ya huo. Lakini mwanafunzi wetu anakutana nayo akiwa tayari anajua swali: "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili…" Anaisoma kama mtu anayechambua maharage, anaokota hoja sita, na habari ya mama na mtoto inabaki kwenye ungo. Wengine hawaifungui kabisa. Wanakariri uchambuzi uliochapwa na kuuzwa stendi.

Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani aliyeanza kuandika juu ya hili mwaka 1938, alitenganisha aina mbili za kusoma: kusoma ili uondoke na kitu cha kutumia baadaye, na kusoma ili uyaishi yaliyomo wakati unasoma. Zote zinahitajika, na mtihani una haki yake. Lakini kijana ambaye kila hadithi aliyowahi kupewa shuleni ilikuja na swali mkiani, akiangalia rafu yako ya riwaya anaona rundo la kazi za nyumbani. Pepa za zamani angalau zinamlipa. Hao wanaoingia na kupita moja kwa moja kwenye pepa si wavivu, wanapiga hesabu.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na huko Rungwe wengi wamekuja na Kinyakyusa kutoka nyumbani. Kidato cha kwanza anahamishiwa Kiingereza. Ndipo tunampa riwaya nene iliyoandikiwa kijana wa Uingereza. Watafiti wa usomaji katika lugha ya pili, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba ili mtu asome bila msaada na aelewe vizuri, anapaswa kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Wengi hudhani mtu akijua maneno 80 yuko vizuri, kumbe hapo kila sentensi ina shimo na raha hakuna. Jaribu mwenyewe: mpe mwanafunzi wa kidato cha pili ukurasa mmoja wa kitabu cha msaada wenye maneno kama 250, apige mstari kila neno asilolijua. Yakizidi matano au sita, kitabu hicho bado si chake kwa kusoma kwa raha, hata kiwe kimeshinda tuzo zote duniani. Kwa jaribio hilo utashangaa maboksi mangapi yatabaki na vitabu viwili vitatu tu vinavyosomeka.

Sababu ya tatu ni umri wenyewe, na hapa ndipo maktaba nyingi zinapokosea. Kijana wa umri huu anataka kujua mambo bila kuonekana kwamba anataka kuyajua: kupendwa, kuachwa, mwili unaobadilika, baba anayekunywa, hofu ya kufeli. Anakwenda kwenye hadithi kumwona mwenzake akipita huko kabla yake. Halafu anamwamini rafiki yake kuliko wewe na mimi. Ndiyo maana daftari lilitembea na rafu yako imesimama. Sasa angalia rejista yako ya kuazimisha. Kama iko mezani imefunguliwa, kila anayepita anasoma nani kachukua kitabu gani, basi kitabu cha kubalehe au cha VVU hakitaazimwa kamwe. Kitaibiwa, au kitasomwa kwa kusimama nyuma ya rafu. Iweke rejista kwenye droo, na vitabu vya aina hiyo viruhusiwe kusomwa humo maktabani bila kuandikisha jina.

Kazi hii ina historia yake, na ukiisomea utakutana nayo. Huko Baltimore, Marekani, mkutubi Margaret Edwards alijenga huduma ya vijana katika maktaba ya umma ya Enoch Pratt, na miaka ya 1940 alipakia vitabu kwenye mkokoteni wa farasi akavipeleka mitaa ya watu maskini. Msimamo wake ulikuwa kwamba mkutubi wa vijana asiyesoma vitabu vyao hana cha kuwaambia. Mwaka 1957 wakutubi wa vijana wa nchi hiyo wakapata idara yao ndani ya chama cha maktaba. Mwaka 1967 S. E. Hinton, binti aliyeanza kuandika riwaya yake akiwa bado sekondari, akatoa *The Outsiders*, na wachapishaji wakaona kwamba umri huu una soko lake. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lina mwongozo wa huduma kwa vijana unaozungumzia hasa miaka 12 hadi 18. Unapatikana bure kwenye tovuti yao, haukuchoshi, na sehemu inayotaka vijana wenyewe washirikishwe kupanga huduma ningeisoma mara mbili.

Je, kwa Kiswahili vitabu vipo? Vipo, ila vimepangwa kwa shida. Kwa watoto wadogo tumejitahidi. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulifanya kazi kubwa. Kwa watu wazima tuna riwaya tele. Katikati, kati ya miaka 13 na 16, pana pengo, na pengo hilo ndilo linalojazwa na hadithi za simu. Tuzo ya Burt, iliyowahi kuchochea uandishi kwa vijana hapa Tanzania, ililenga vitabu vya Kiingereza. Ilitupatia hadithi zenye mitaa na majina yetu, ambazo kwa mwanafunzi wako zina faida kubwa kuliko za kutoka London, lakini hazikuziba pengo la Kiswahili. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2023, ni ya Kiswahili. Fuatilia vitabu vinavyotokana nayo.

Usisubiri kitabu chenye bango la "vijana" kwenye jalada. Waliokuwa sekondari miaka ya 1970 na 1980 walilelewa na vitabu vya upelelezi, vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hakuna aliyewaandikia wao hasa. Walivichukua tu, wakavisoma mpaka majalada yakang'oka, na wengi wao ndio leo wanaolalamika kwamba riwaya zinaharibu watoto. (Waulize walimu wakongwe ofisini kwenu walisoma nini wakiwa kidato cha tatu, kisha nyamaza uwasikilize.) *Watoto wa Mama Ntilie* ya Emmanuel Mbogo ni kitabu cha vijana kabisa, ukimpa wa kidato cha kwanza, kabla hajafikia kidato cha kukijibia mtihani, atakisoma kwa namna nyingine. Wachapishaji wa Kenya wana riwaya fupi za Kiswahili kwa umri huu, na msamiati ukitofautiana kidogo haumzuii mtu. Jarida la Fema, lililosambazwa bure mashuleni kwa miaka mingi, likipatikana hata la zamani ni dhahabu. Na vibonzo, Mwalimu, usividharau. Mtoto anayecheka na jarida la vibonzo la Sani anasoma.

Kuhusu madhara, sitakwambia kwamba hadithi haziwezi kudhuru. Baadhi ya hizi za simu zinaonyesha mwanamume anayepiga, anayelazimisha, anayemfuata msichana njiani, halafu mwisho anaitwa mpenzi wa kweli. Msichana akisoma ishirini za namna hiyo peke yake, bila mtu wa kumwuliza "hivi wewe ungekubali?", kitu kinaweza kujengeka. Lakini kuchoma daftari hakuiondoi hadithi. Kunamfundisha tu kukuficha. Kinachopunguza nguvu ya hadithi mbaya ni mazungumzo na hadithi nyingine nyingi zilizo bora. Ponografia ni jambo tofauti. Kumpa au kumwonyesha mtoto ni kosa la jinai, na maktaba ya shule haina mjadala hapo.

Ili usibaki peke yako siku mzazi atakapokuja na kitabu mkononi akiwa amekasirika, andika ukurasa mmoja: maktaba yetu inachagua vitabu kwa vigezo gani, nani anaamua, na malalamiko yanapokelewaje. Mkuu wa shule ausaini, bodi ya shule iujue. Weka humo sharti kwamba anayelalamikia kitabu akisome chote kwanza, kisha aandike ni ukurasa gani na kwa nini. Wengi wakikisoma chote hasira hupungua. Wachache watakuwa na hoja ya kweli, na hao wasikilizwe.

Kwa muhula huu, kabla ya chuo chochote, chagua rafu moja tu. Ondoa vitabu visivyosomeka, ila usivitupe wala kuvigawa. Vitabu vimo kwenye leja ya shule, na kuvifuta kuna utaratibu wake kupitia kwa mkuu wa shule. Viweke kwenye maboksi, juu ya mbao, mbali na ukuta, maana kwa mvua na ukungu wa Rungwe kitabu kilichoegemea ukuta kinaota kuvu mwezi mmoja. Kwenye rafu yako panga vitabu vichache vikiwa vimeonyesha majalada, si migongo. Halafu nenda paredi uvinadi. Dakika mbili, kitabu kimoja, unasimulia mpaka mhusika amefika mahali pabaya, unafunga kitabu na kusema kipo maktaba, nakala moja. Usitaje dhamira wala funzo. Wakutubi wa vijana hufundishwa jambo hili darasani kwa mazoezi mengi, na linafanya kazi kuliko bango lolote.

Wale wasichana wa daftari wape kazi. Wao ndio kamati yako ya kuchagua vitabu, kwa sababu wanajua hosteli inataka nini. Waombe pia waandike sehemu inayofuata ya hadithi wenyewe, mahali pawe Tukuyu au Mwanjelwa badala ya jumba la kifahari lisilojulikana liko wapi. Nina hakika utapata maandishi yatakayokushangaza. Utapoteza vitabu kadhaa. Kubali hilo mapema na mkuu wa shule akubali nawe, kwa sababu walimu wengi hufunga maktaba kwa kuogopa kudaiwa nakala.

Sasa masomo. Fasihi ya vijana, kama unavyoitaka, haina shahada yake hapa nchini. Hata Marekani, mara nyingi ni somo moja au mawili ndani ya shahada ya uzamili ya ukutubi. Mwanafunzi anasoma vitabu vingi vya vijana, anaandika maelezo mafupi ya kila kimoja na kinamfaa nani, anajifunza kunadi, na anapanga shughuli za maktaba pamoja na vijana wenyewe. Somo kama hilo kwa mtandao litakupa mbinu nzuri, lakini vitabu utakavyosoma vitakuwa vya kwao, ada yake ni ya fedha za kigeni, na cheti cha somo moja hakitabadilisha chochote kwenye utumishi wako. Kama lengo ni maarifa, nyingi ya mbinu hizo unaweza kujifunza kwa kusoma na kujaribu. Kama lengo ni cheo, si njia.

Hapa nchini, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kule Bagamoyo, ngazi ya cheti na stashahada. Huko utapata uti wa mgongo wa kazi: kuainisha, kuorodhesha, kutunza, kuhudumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha taaluma hii hadi uzamili, na kwa kuwa wewe tayari ni mwalimu wa Kiswahili, kama una shahada, uzamili huo ningeupa uzito. Utafiti wako wa mwisho unaweza kuwa juu ya hicho hicho unachokiona: vijana wa sekondari za Nyanda za Juu Kusini wanasoma nini wasipolazimishwa. Sifa za kujiunga zisome kwenye miongozo ya udahili ya mwaka husika, ya NACTVET kwa cheti na stashahada na ya TCU kwa vyuo vikuu, si kwa kusikia.

Kuna mtego mmoja ambao haumo kwenye miongozo hiyo. Wewe umeajiriwa kama mwalimu. Ukisomea ukutubi kisha ukaomba kubadilishwa kada, mambo ya cheo na mshahara yanaweza kugeuka, na ukienda masomoni bila ruhusa ya mwajiri utajitafutia shauri la nidhamu. Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda ana kwa ana kwa Afisa Utumishi wa halmashauri na ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Uliza kama masomo hayo yamo kwenye mpango wa mafunzo na utarudi ukiwa nani. Pata jibu kwa maandishi. Kwa wengi walio kwenye nafasi yako ningependekeza kubaki mwalimu, mwenye maktaba na ujuzi wa ziada, kuliko kukimbilia kada mpya.

Wakati unasubiri, panda gari uende Maktaba ya Mkoa pale Mbeya. Mwombe mkutubi akuruhusu kushinda naye siku kadhaa za likizo, uone wanavyopokea vitabu na wanavyowahudumia wanafunzi wanaojaa hapo wakati wa mitihani. Nenda na daftari lako la wasomaji: nani kaomba nini na mkakosa. Muulize pia utaratibu wa shule kuazima vitabu.

Na kuna siku moja ambayo si ya maktaba wala chuo. Kijana atakurudishia kitabu na kusema, "Mwalimu, haya ya humu ndiyo yananipata nyumbani," au utaona kwenye maandishi yake kwamba anafikiria kujidhuru. Hapo usimpe kitabu kingine. Msikilize, usimwahidi kwamba itakuwa siri, na siku hiyo hiyo umfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na Afisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi kama kuna ukatili. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Ibandike kwenye mlango wa maktaba kwa ndani, mahali mtu anaweza kuinakili bila kuonekana.